Kichekesho cha Jumamosi Kimekwisha

Tororo, Jumapili jioni, 1968

Mvua inanyesha tangu saa tisa na bati halijanyamaza. Viatu vyangu viko mlangoni, vimejaa tope la Bulumbi. Nimekula viazi vya jana bila kuvipasha moto, kwa sababu kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja kumenichosha. Nina jambo la kusema, na nikitazama chumba hiki chote, wa kuambiwa ni daftari tu.

Jana kichekesho cha Jumamosi kimekwisha. Mtangazaji wa televisheni alisema wachezaji wanashukuru, wanakwenda kupumzika, halafu wakapiga muziki wa bendi. Watu wakakunja viti vya ukumbi wa mji, penye televisheni ya wote, wakaenda zao. Mimi nilibaki nimekaa mpaka mlinzi akaja kuzima taa za mbele.

Kwa majuma kumi na mawili nimekwenda ukumbini kila Jumamosi saa moja. Kilikuwa ni kichekesho cha watumishi wanne wa bohari ya mafagio. Kazi yao ni kuyahesabu mafagio, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyahesabu. Wanacheza karata, wanalala, wanasimuliana mambo ya wake za watu na mjane auzaye pombe nyuma ya bohari. Maneno yao ni machafu. Katekista wetu alituonya kanisani tusiende kutazama, na Jumamosi iliyofuata nilimwona amekaa mstari wa tatu.

Nilicheka kuliko wote. Halafu nilikuwa nikirudi hapa, nafunga mlango, nalia.

Niandike sababu, maana sijawahi kuiandika.

Mimi ni mpiga taipu katika kiwanda cha kuchambulia pamba. Mwaka jana nilikaa ofisi moja na makarani wawili wa stoo, Makokha na Opendi. Makokha ni Msamia, mtu wa mdomo. Hakupitisha saa moja bila kusema neno la kitandani, na akiona nimekunja uso ananiita Bibi Taipu, anauliza kama mashine yangu nayo imeudhika. Opendi ni Mpadhola wa Kisoko, mpole. Yeye alikuwa analala tu. Alipanda juu ya marobota ya pamba yaliyopangwa kando ya ofisi saa nne asubuhi, akaamka saa ya chai ya jioni.

Kazi yao niliifanya mimi. Nilichoka, nikaudhika, na siku moja walipokwenda kula nilimwandikia meneja barua. Niliandika kila kitu: usingizi, karata, maneno machafu. Juma lile lile wakaachishwa kazi wote wawili.

Sikutia sahihi. Lakini kiwanda kizima kina taipu moja.

Sasa ofisini kuna makarani wengine wawili. Wanafanya kazi vizuri. Wananisalimia asubuhi, wananiaga jioni, na katikati hapo hawasemi kitu. Nikiingia chumba cha chai, mazungumzo yanakatika. Wananiogopa. Nilitaka ofisi yenye utulivu, na nimeipata.

Jana, taa zilipozimwa, nilijua sina tena pa kwenda Jumamosi. Basi leo sikwenda kanisani. Nilipanda basi la Busia, nikashuka penye njia ya Bulumbi, nikatembea nikiuliza watu kwa Makokha ni wapi.

Nilimkuta shambani nyuma ya nyumba ya mama yake, anapalilia pamba. Amekonda. Aliponiona alisimama, akaegemea jembe.

“Bibi Taipu,” alisema. “Wewe nafuata nini huku?”

“Nimekuja kukuona.”

“Basi umeniona.”

Akarudi kwenye jembe lake. Mama yake ndiye aliyeniokoa. Alitoka na kigoda, akasema “mulembe”, akanikalisha chini ya ukingo wa paa na kunipa ndizi mbivu. Mimi ni Mteso wa Malaba. Kisamia changu kinaishia kwenye salamu hiyo. Tulikaa tukitabasamu kama wageni wawili kwenye harusi.

Ndani ya basi nilikuwa nimepanga maneno. Nilikosa. Nisamehe. Makokha alipokuja kunywa maji, nikamenya ndizi badala ya kuyasema. Yeye ndiye aliyeanza.

“Ile kichekesho ya televisheni,” alisema bila kunitazama. “Sokoni watu nasimulia, kila mtu na yake. Imekwisha kweli?”

“Imekwisha jana.”

“Iliishaje?”

Sijawahi kusimulia neno chafu maishani mwangu. Nilitazama ndizi yangu nikaanza. Nilisema mkaguzi alikuja bohari ghafla kuhesabu mafagio. Watumishi wote wanne wamesimama nyuma ya meza ndefu ya kupokelea wateja, wamefunga tai, wanatoa heshima. Mkaguzi akaona suruali imeanguka sakafuni, karibu na mlango wa yule mjane. Akauliza ni ya nani. Wa kwanza akasema si yangu. Wa pili akasema si yangu. Wote wakakana. Mkaguzi akasema, haya, tokeni nyuma ya meza mmoja mmoja, nitamjua mwenyewe.

Hapo nikauma ndizi. Uso ulikuwa unaniwaka.

“Wakatoka?” aliuliza Makokha.

“Wakatoka. Wote wanne walikuwa hawana suruali.”

Makokha aliweka kikombe chini. “Wote?”

“Mmoja tu ndiye aliyetoka kwa mjane. Wale watatu walivua zao wakati mkaguzi anaingia mlangoni, ili mwenzao asijulikane.”

Alitazama pamba yake. Nilidhani atanifukuza. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka kile kicheko chake cha zamani cha kukohoa, akasema, “Umesimulia vibaya sana.” Akamgeukia mama yake akamsimulia upya kwa Kisamia, na mikono, na kutembea kwa mkaguzi, na nadhani aliongeza mambo ambayo mimi sikuyaona, maana mama alishika nguzo ya nyumba asianguke. Walicheka muda mrefu. Mimi nilicheka nikiwafuata, sijui neno hata moja.

Walipotulia ndipo niliposema. “Ile barua niliandika mimi. Nilikosa, Makokha.”

“Najua ni wewe. Mimi nilikuwa mvivu, hiyo si uongo. Hata sasa mimi mvivu, uliza mama.” Alifuta jasho. “Lakini Opendi hakuwa mvivu.”

“Alikuwa analala kila siku.”

“Mke wake alikuwa hospitali. Miezi mitatu. Opendi nakaa kando ya kitanda mpaka asubuhi, halafu nakuja kazi. Mimi nikapiga kelele, nikasema maneno yangu yale, ili watu wanitazame mimi. Wewe hukujua?”

Sikujua. Mezani kwangu hadi marobota yake ni hatua sita, na sikuwahi kumuuliza kwa nini amechoka.

Nilimuuliza kama mke yuko hai.

“Yuko hai. Mguu mmoja haufanyi kazi. Wako nyumbani Kisoko, Opendi nalima shamba ya watu.”

Nilimrudishia mama kigoda chake. Makokha alinisindikiza mpaka barabarani, tukasimama kungoja basi chini ya mawingu. Nilimuuliza kama amenisamehe. Alifikiri.

“Mimi, ndiyo,” alisema. “Mimi tu. Ya Opendi siwezi kukupa.”

Basi likaja. Hakupunga mkono, lakini hakuondoka mpaka tulipopinda kona.

Sasa mvua inapungua. Jirani anapika samaki, naisikia harufu yake, nasikia watoto wake wakigombania kitu. Kesho nitakwenda kazini, nitawasalimia wale wawili, na labda nitamuuliza mmoja wao jina la mtoto wake. Sijui hata kama ana mtoto.

Na Jumamosi nitakwenda Kisoko. Si mbali, nitatembea. Kwa Makokha nilikuwa na kichekesho cha kusimulia. Kwa mke wa Opendi nitaingia mikono mitupu, na itabidi nianze na jina langu.