Uso Nilioumwagilia Maji

Lindi, Kibera,
Nairobi.
9 Agosti 2024

Kwa dada yangu mpendwa Aluoch,

Nakuandikia nikitumaini kwamba barua hii itakukuta umeketi salama nyumbani kwako Ugenya, mguu umeinuliwa kama daktari alivyoagiza, na wajukuu wamekuficha jembe. Jentrix ameniambia kuwa sasa unatembea kwa mkongojo mmoja badala ya miwili. Nilimshukuru Mungu kwa sauti kubwa, hata jirani akauliza kupitia ukuta wa mabati kama nimepata mgeni. Mimi ni mzima, ila kifua hakipatani na baridi ya mwezi huu, na magoti yangu hayafai kutajwa mbele ya mtu wa heshima. Naomba radhi kwa mwandiko. Walimu wetu wa misheni wangenichapa kwa mistari hii iliyopinda.

Uniwie radhi pia kwamba sikukupigia simu. Kwenye simu ningesema mtandao ni mbaya, nikakata. Kwa hiyo naituma barua hii kwa basi la Ugunja, uipate kabla hujafunga safari ya kuja kuifunua sanamu ya mama yako tarehe ishirini na nne.

Wewe uliondoka Kibera mwaka uleule tulipoisimamisha, basi niruhusu nikueleze ilikuwa imefikia wapi. Unamkumbuka marehemu Oyoo, yule fundi ambaye mama yako, Mama Risper, alimzalishia mkewe pacha. Mama yako alipofariki, Oyoo aliapa kwamba mkunga aliyewapokea watoto wa Kambi Muru kwa miaka ishirini hatasahaulika. Akamjenga kwa saruji na nondo, amesimama, amebeba mtoto mchanga. Mimi nilikuwa kibarua wake wa kukoroga saruji. Tangu siku ile imepita miaka arobaini na mitatu ya mvua, ya mawe ya watoto na ya mabango ya wanasiasa yaliyogandishwa hata kifuani pake. Mwili ulipasuka. Uso ulilika ukawa laini kama kipande cha sabuni kilichokwisha kutumika, bila pua, bila macho. Watoto waliozaliwa karibuni walidhani ilijengwa hivyo.

Jentrix, fundi cherehani ambaye pia alizaliwa mikononi mwa mama yako, ndiye aliyeanzisha kikundi cha kuitunza. Walichekwa sana. Mwanamume mmoja wa Gatwekera aliwauliza, watu wanatafuta maji ya kunywa, nyinyi mnaogesha jiwe? Jentrix akamjibu kwamba jiwe hilo ndilo lililomkata kitovu yeye mwenyewe bwana huyo, na kama hakuridhika na kazi, airudishe. Tangu siku ile yule bwana amekuwa akiwaletea mitungi yake mwenyewe. Waliisugua sanamu kwa brashi Jumamosi baada ya Jumamosi, wakabandua mabango, wakaziba nyufa. Mwili ukarudi, na mtoto akarudi. Uso ndio uliowashinda, kwa sababu hapakuwa na picha.

Hapo ndipo walipokupigia simu, nawe ukawaambia kwamba picha pekee ya mama yako ilichukuliwa na mafuriko, na kwa kuwa mguu haukukuruhusu kusafiri, wamwulize Murunga, yaani mimi. Ulisema Murunga alimwona kila siku, na alikuwepo Oyoo alipoufinyanga uso ule. Atakachosema Murunga, wewe umekikubali. Jentrix aliniletea maneno hayo amesimama wima mlangoni, kama mtu aliyetumwa na serikali. Nakiri kwamba nilijisikia mkubwa kuliko nilivyo.

Walimleta fundi kutoka Kawangware, anaitwa Wanzala, mtu wa kwetu, ambaye riziki yake ni kuwatengeneza simba wa saruji wa kuwekwa kwenye malango ya matajiri. Alinionya mapema kwamba simba wake wote wana uso mmoja, na hakuna familia ya simba iliyowahi kuja kulalamika. Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa alasiri mbili nilikaa kwenye stuli mbele ya sanamu, yeye akiwa juu ya ngazi na kisu na mwiko, akijaribu kwa udongo wa mfinyanzi kwanza. Mimi nilisema shavu lipanuke, yeye akapanua. Nikasema hapana, akafuta. Alasiri ya tatu akaipaka saruji yenyewe, kwa sababu sura ya udongo ilikuwa imekaribia kufanana, na yaliyobaki, alisema, angeyamalizia kwa kisu kabla haijashika.

Unajua jinsi mama yako alivyofanya mtoto mchanga alipokataa kunyamaza. Alimweka magotini akamtajia majina ya marehemu wa ukoo, moja baada ya jingine, bila haraka, na pale mtoto aliponyamaza, jina hilo ndilo likawa lake. Mzaliwa wangu wa kwanza alilia siku mbili, akanyamaza kwa jina la nyanya yangu. Sijawahi kuitilia shaka njia hiyo. Basi nami niliitumia pale kwenye stuli. Ndani yangu palikuwa na kilio cha miaka. Wanzala alipokata hiki na kuongeza kile, nilisikiliza kilio changu kuliko nilivyomtazama yeye. Alipouinua unyusi wa kushoto ukawa juu kidogo ya wa kulia, kisha akaurudisha mdomo wa chini ndani, kama mtu anayebana pini akishona, kilio kikanyamaza. Nikasema, hapo hapo, usiguse tena. Watu wakapiga makofi. Jentrix alitokwa na machozi.

Mtu mmoja hakupiga makofi. Ni bibi yetu mzee Filister, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye alikuwa rafiki ya mama yako. Alisogea na fimbo yake, akautazama uso ule, akasema wazi, "Huyu si Mama Aluoch." Vijana wakaangua kicheko. Mmoja akamwambia, "Shosho, shida ni miwani, si sanamu." Filister akamjibu kwamba si miwani iliyochota maji pamoja na mwanamke yule, na kwamba yeye kijana hata kamasi zake alifutwa na watu waliomjua. Walicheka zaidi. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu ya yale maneno yako. Nikasema, "Ni yeye." Filister akageuza fimbo yake, akaenda zake.

Sasa nikueleze jambo la kazi yetu. Saruji mbichi hukatwa kwa kisu kama ugali. Siku ya kwanza bado unaweza kubadili nia. Baada ya hapo huimarika kwa kunyweshwa maji; ikikosa maji hupasuka, ikiyapata kwa siku saba huwa jiwe. Kikundi kilitafuta mtu wa kuufunika uso kwa gunia na kuumwagilia asubuhi na jioni. Nilijitolea kabla hawajamaliza kuuliza.

Kila alfajiri nilipanda ngazi na kopo la maji. Kila alfajiri gunia lilikuwa limekauka kote, isipokuwa mahali pa macho. Nilijiambia kwamba maji hutuama kwenye vishimo. Nililiinua gunia, nikausalimu uso, nikaumwagilia taratibu ili maji yasiingie puani. Nilianza kuueleza habari za watoto wetu. Siku ya nne nilijikuta nimevaa koti langu la kanisani. Siku ya sita mwanamke aliyekuwa akipita na ndoo aliniuliza nazungumza na nani, nami nikamdanganya kwamba nasali.

Dada Aluoch, nimezunguka vya kutosha. Uso ule si wa mama yako. Ni uso wa Rachael, marehemu mke wangu.

Sikuanza kwa hila. Mbele za Mungu, nilipokaa kwenye stuli nilidhani namtafuta mama yako. Lakini unajua kwamba moto wa Gatwekera uliziteketeza picha zetu zote, na Rachael amelala kaburini mwaka wa kumi na moja huu. Miaka minne sasa nilikuwa nasikia sauti yake bila kuuona uso wake. Nilikuwa nikiamka nikiutafuta, nao ulikuwa umelika kama ule wa sanamu. Basi moyo uliponyamaza nilidhani ni ushahidi, kumbe mtoto aliyekuwa akilia alikuwa mimi, na jina lililotajwa lilikuwa la mtu wangu. Nilitambua jioni ileile, kabla giza halijaingia, saruji ikiwa bado laini na kisu cha Wanzala kikiwa kwenye ndoo chini ya ngazi. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake niliufunika kwa gunia. Nikaumwagilia siku saba nikijua ni nani ninayemwagilia, ili usiweze kubadilishwa. Nilimnyang'anya mama yako uso wake nikampa mke wangu, na nikamwacha bibi wa miaka themanini na miwili achekwe barabarani kwa kusema kweli.

Wala sikupata nilichokiiba. Sasa nikifumba macho namwona Rachael, lakini ni wa kijivu, mwenye unyevu, hapepesi macho. Sauti yake pia imeacha kunijia. Juzi nilipita pale nikaona mama mmoja kijana akiugusisha mguu wa mtoto wake kwenye mguu wa sanamu, akimwambia kwamba huyu ndiye Dani Risper, nyanya yetu sote, msalimie. Mke wangu, chini ya gunia lake, alikuwa akimtazama mtoto yule kutoka juu, akipokea salamu isiyokuwa yake. Sikuweza kumaliza njia. Nilikaa chini kwenye mawe.

Jana nilikwenda kwa Filister kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri. Hakunipa nafasi ya kuyatumia. Aliendelea kupanga omena zake, akaniambia, "Murunga, ulidhani simjui Rachael?" Alisema alimtambua saa ileile, na kwamba hakulitaja jina kwa sababu hakutaka kumtoa mke wa mtu hadharani, jina lile aliniachia mimi nilitaje, naye amengoja wiki tano. Kisha akanipa kiti.

Basi nakuomba, kama moyo wako utakubali, usije Jumamosi ile pamoja na wageni. Njoo Jumatano inayoitangulia. Gunia halijaondolewa, linangoja siku ya kufunua. Utazame kwanza wewe, peke yako, kwa sababu mahali pale ni pa mama yako. Filister amesema atakaa nawe mbele ya Wanzala, na nyinyi wawili mtaurudisha uso wake. Jumapili hii baada ya ibada nitakiambia kikundi yote niliyokuandikia, na kama kutakuwa na kucheka, wanicheke mimi. Tabaka la saruji ni la inchi moja tu. Najua jinsi ya kulitoa bila kukijeruhi kichwa, nami nimeinoa patasi. Nitalitoa mwenyewe, mchana, watu wakiona.

Hapo juu, kwenye ukurasa wa pili, utaona mstari nilioufuta kwa wino mzito mpaka karatasi ikatoboka. Tafadhali usiuinue kwenye mwanga ukajaribu kuusoma. Nilikuwa nimekuomba uso ule uachwe.

Wasalimie wanao na wajukuu, na majirani wote walionisahau na wanaonikumbuka. Mungu auimarishe mguu wako na akufikishe salama.

Ni mimi, ndugu yako mwenye aibu na heshima,

Zakaria Murunga