Kazi Isiyojua Matanga

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Kapkatet, kwenye baridi na majani chai. Hujambo? Mguu bado unavimba? Na kaburi la baba, udongo haujatitia kwa mvua? Mimi ni mzima wa mwili. Naandika kwa sababu kwenye simu tukifika kwa baba sote tunalia, na hakuna linalosemwa.

Mama, kazi ilinikataa. Unajua ni kazi ya kompyuta, humu humu chumbani: napewa picha za barabara za ng'ambo nichore mistari kuzunguka magari na watu, ili mashine zijifunze kuona. Kila asubuhi kabla sijaanza, kamera hunitazama ihakikishe ni mimi. Sasa niliporudi kutoka matangani, kichwa kimenyolewa kama tulivyonyolewa sote, ikaniandikia: uso haulingani. Akaunti ikafungwa.

Niliwaandikia wenye kampuni kwamba nimefiwa na baba, na kwetu watoto hunyolewa baada ya mazishi. Jibu likaja papo hapo: tunasikitika kwa usumbufu, tafadhali tuma picha iliyo wazi zaidi. Nikacheka, Mama, kile kicheko kibaya. Nikakumbuka baba alipokuwa akichuma chai kule Kericho. Mtu akifiwa, kambi nzima ilihamia mlangoni kwake, na nyapara mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, alikuja akakaa kwenye benchi na wengine. Mimi sina hata nyapara wa kumchukia.

Mwenye nyumba wangu, Mama Chebet, alinikuta nimejifungia. "Pole sana, mtoto yangu," akasema. "Lakini hiyo ni kazi gani haijui matanga?" Akaniletea mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, akakaa mpaka nikamaliza kunywa. Kesho yake akarudi na wigi ya binti yake. "Vaa hii uwadanganye. Kwani utakula nini?"

Nikaivaa. Kamera ikanikubali mara moja, ikaandika: karibu tena. Nililia hadi kazi ya kwanza ikapewa mtu mwingine. Kamera ilimtaka yule msichana wa zamani, Mama, yule ambaye bado ana baba.

Tangu hapo naivaa kila asubuhi, kamera ikishaniona naivua. Niambie ukweli, na usinionee huruma: namkosea baba? Ukisema niache, nitaacha, nije tulime.

Nisalimie shangazi aliyeninyoa, mwambie mkono wake ulikuwa mwepesi. Salamu pia kwa mdogo wangu Akinyi anayekusomea barua hii, na asiruke mistari ya huzuni, namjua.

Nywele zimeanza kuota. Mama Chebet ananiambia nivumilie, zikirefuka nitaachana na wigi. Mimi naiogopa siku hiyo. Kazini kwangu itakuwa kana kwamba hakuna aliyekufa.

Binti yako anayekuombea,
Achieng