Grisi ya Shemegi Yako

Mwanakheri,

Grisi iliyomwagikia miwani ya kuzamia ya mdogo wangu Msabah na mpira wake wa kupumulia usiitoe kwa mafuta ya taa. Yanakula mpira, naye atakuja kuivuta harufu yake huko chini ya maji. Pangusa kwanza kwa kitambaa kikavu, kisha osha kwa maji vuguvugu na sabuni. Anika kivulini.

Kopo la grisi nililipiga teke mimi, najua. Nilikukuta umeivaa miwani yake, unacheka: "Shemegi shujaa, anatembea chini ya bahari." Anasugua matumbo ya meli bandarini, basi. Mimi juzi nilikusomea beti nilizokutungia, ukasinzia kwenye ubeti wa pili.

Halafu ukaanza kumpangusia vitu vyake kwa kanga niliyokupa siku ya Idi, ile niliyozunguka Darajani kutwa nikitafuta maneno yanayokufaa.

~~Mwambie Msabah ahamie kwa shangazi.~~ Mwambie chai yake imo kwenye chupa.

Sabuni nibakishie. Kanga iache kama ilivyo, nikirudi ntaifua mwenyewe. Majirani wakiniona, na wanione.

Mumeo,
asiyejua kuogelea