Mikate ya Hospitali Haifanani

Mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Salamu nyingi. Natumaini u mzima, unakula na unalala, si kukesha na simu. Sisi huku hatujambo. Baba yako anakoroma kama kawaida. Mama yako hajambo pia, na habari zake zitakuja. Usiruke mistari kuzitafuta.

Barua yako nimeipata. Una ulimi, mtoto wewe. Nimekubeba mgongoni huku nakanda unga, leo unaniandikia kwamba nimemhukumu mama yako bila ushahidi. Niliisoma nikaisukumia mbali, halafu nikaisoma tena. Sasa kaa nikueleze yaliyotokea.

Mtunza stoo wa hospitali tunayoiuzia mikate alikuja akasema wagonjwa wanalalamika kwamba mikate yetu haifanani: mmoja anashiba, wa kitanda cha pili anabaki na njaa. Akasema isiporekebishwa, mwezi ukiisha atachukua mikate kwingine. Nikamtolea ule wastani ulionifundisha likizo. Nikapima kapu zima mbele yake, nikagawa kwa idadi ya mikate, uzito ukatoka sawasawa na tulioahidi. Nikajiona msomi. Yule bwana akanijibu kwamba mkate mzito kama tofali na mwingine mwepesi kama sifongo, ukiichanganya na kugawa, unapata mkate mzuri ambao hakuna mgonjwa aliyewahi kuuona.

Basi nikajua kuna mkono unaokata ovyo. Wakataji ni wawili, mimi na mama yako. Hapa kwetu donge halipimwi kwa mizani. Unakata kwa kisu, unalirusha kiganjani, kiganja kinakuambia. Mimi nimekata hivyo tangu baba yako hajaota meno. Nikaenda kwenye trei za mama yako, nikachukua mikate iliyonitia shaka, nikaipima, kweli ilikuwa mibaya. Nikamnyang'anya kisu, nikamweka kuosha trei. Baba yako naye akajifanya anachungulia tanuri.

Kumbe baba yako akakusimulia, ndipo barua yako ikaja ikiuliza mikate hiyo niliichaguaje, na yangu mimi niliipima lini. Ilinichoma. Niliokota mibaya halafu nikashangaa kukuta mibaya! Na yangu sikuipima. Nani anapima mkono wake mwenyewe?

Nikaamua nifuate njia yote ya kupima uliyoniandikia, nia yangu nikuumbue. Nikamrudisha mama yako mezani kwa asubuhi moja. Tukakata idadi sawa, yangu nikaitia alama moja ya kisu, yake mbili. Ya mwanzo wa kazi tukaitoboa tundu moja, ya katikati mawili, ya mwisho matatu, kisha yote tukaichanganya. Fundi cherehani wa jirani, ambaye hana upande, akafungwa kitambaa machoni akachagua ya kupimwa, huku akilalamika kwamba unga umemjaa kichwani na leo ana wageni. Baba yako akasoma mizani, mkate mmoja mmoja, kama ulivyosema, ili tuone ilivyotawanyika.

Wastani wangu na wa mama yako ukatoka karibu sawa. Nikaanza kutabasamu. Lakini yake ilikuwa imekusanyika pamoja kama vifaranga chini ya mama yao, na yangu mmoja huku, mwingine kule. Niliyoikata mwanzo ilikuwa mizito kupita kiasi, na kila kazi ilivyosonga ilizidi kupungua, hadi ya mwisho ukiipuliza inaruka.

Mama yako ndiye aliyesema. "Mama, siku moja haitoshi. Huenda hukulala vizuri. Tupime tena kesho."

Tukapima tena kesho yake, na keshokutwa. Ikawa vilevile.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Vidole viwili vya mkono wangu wa kulia vimekufa ganzi tangu majira ya baridi. Kazi ikianza vinavumilia, ikiendelea sivisikii kabisa, na kiganja hakiniambii kitu. Ukiona mwandiko huu unayumba kama mlevi, si haraka. Nilidhani nikinyamaza hakuna atakayejua, na mkwe wangu akabebeshwa trei chafu kwa ajili ya vidole vyangu.

Nilimpa kisu mbele ya watu wote. Nikamwambia, "Kata wewe. Mimi nilikosea." Akaanza kulia, nikamwambia asitulowanishie unga. Mtunza stoo alipokuja nikamwambia achague mwenyewe, aanzie chini ya kapu, asiangalie ya juu. Akapima, akaondoka na mikate yake, na kesho yake akarudi kuchukua mingine.

Usidhani nimestaafu. Kila asubuhi nafumba macho nachagua ya kupima, na atakayezidisha au kupunguza atanitambua. Kwa daktari nitakwenda wiki hii. Baba yako nitamwambia mwenyewe, usinitangulie. Na hiyo takwimu uliyosema ni ngumu unataka kuiacha, ole wako. Imemrudishia mama yako meza yake. Kaa uisome.

Wote wanakusalimu. Mama yako angekuandikia mwenyewe, lakini unga umeumuka na yuko mezani anakata.

Ni mimi bibi yako,
mzima na mkali