Filamu ya Anti Aneth

Recho na Castory,

Maharage yapo jikoni, yapasheni moto. Recho, anua nguo. Castory, usiende kuzurura Maili Moja.

Nimekwenda Kisarawe kwa anti Aneth. Filamu yake ya jana ilikuwa mbaya, sikatai: dada anakwenda kutambulishwa kwa watoto wa mchumba wake, kumbe ni majini, na damu yenyewe rangi ya ubuyu. Lakini aliigiza humo mwenyewe, akaileta ili apate pa kuanzia kuzoeana nanyi. Nikacheka mpaka machozi, mimi ninayetaka kumwoa.

Asubuhi amenipigia. "Bernard, watoto sina neno nao. Wewe ndiye uliyeanza kucheka."

Ninyi hamna kosa.

~~Jioni nitarudi naye.~~ Jioni nitarudi.

Baba