Aliporudi Mara ya Tatu

3 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila mvua haikatiki na soksi zangu zote mbichi. Huku hakuna jipya. Tangu nivae nyota ya luteni usu nakula peke yangu. Nikiwakaribia askari wangu wanasimama wima, mazungumzo yanakatika. Usisikilize sana redio.

Mwanao

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo huu ni wa cherehani, hautapona leo. Barua zangu mbili hukujibu. Basi jana amebisha hodi koplo wako, yule mnayemwita Kijiko, yuko likizo na magongo yake. Nikamwambia, "Karibu, mwenzio kaandika huko hakuna jipya." Akacheka mpaka akapaliwa na chai. "Mama, jipya lenyewe ni mimi!"

Njia ya mwongo fupi. Kumbe ulipoandika zilikuwa zimepita siku tisa tu tangu mapigano. Bunduki ya rashasha iliwabana asubuhi nzima nyuma ya ukuta wa kiwanda cha matofali, wenzenu watatu wamepigwa, wamelala uwanjani. Ukatambaa kwa tumbo, risasi zinachimba udongo, ukamvuta Kijiko. Ukarudi, ukamleta wa pili. Kisha ukarudi tena kumfuata mtu wenu wa redio ya mawasiliano, na kila mmoja alishaona kwamba amekufa.

Nilijivuna, sikufichi. Ila mgeni alipoondoka, nikajiuliza: mara ya tatu ulifuata nini?

Shangazi yako

17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumai u mzima. Mimi mwili hauna neno.

Mtu wa redio alikuwa amejibanza nyuma ya tanuri. "Afande, hapa nasikia vizuri," aliniambia. Nikamwamuru asogee mbele, kwenye rundo la matofali. Hatua kumi. Nilijua amekufa, Shangazi. Nilitaka tu asilale pale nilipomweka.

Wamenivisha medali, wakapiga makofi. Nilitamani hata mmoja anitukane. Mama wa kijana huyo wa redio anapika shule ya bweni, saa mbili kwa basi kutoka kwako. Barua ya kumwandikia nimeianza mara sita.

Mwanao

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimefunga cherehani, nikapanda basi. Nilimkuta anasugua sufuria kubwa kuliko yeye. Nikamwambia mimi ni nani, akanivutia kiti. Nikamweleza yote, hata zile hatua kumi. Akarudi kwenye sufuria yake. Nikajua nimefukuzwa, nikachukua mkoba.

Nilipofika mlangoni akaniuliza bila kugeuka: "Nani alimfumba macho?"

Nikamjibu ni wewe.

Kijiko hakuniambia hilo, nimelisema mwenyewe. Kama sivyo, mimi usinijibu. Lakini yeye mwandikie. Amesema atasubiri.

Shangazi yako