Gaudiosa, Chachu Yako Hatukuiwahi

Mwaka umetimia, Gaudiosa, tangu utuache mwezi wa tatu, mvua ikiwa bado inanyesha na mahindi shambani yakiwa mabichi. Yale uliyovuna asubuhi ile yalibaki kwenye ungo na maganda yake. Ulisema unanyoosha mgongo kidogo, ukalala kwenye kochi, hukuamka. Daktari alisema ni moyo. Sisi hatukuwa tumekuzoea ukiwa mgonjwa, kwa hiyo hatukuwa tumejiandaa kwa lolote.

Familia imenipa kalamu mimi, Felisian, kaka yako. Shule yangu unaijua, darasa moja huku, lingine kule. Lakini mumeo Jafeti amejaribu kuandika akashindwa kuvuka jina lako, na mwanao Precious anasema akianza ataloanisha karatasi. Basi naandika mimi, na wakikuta nimekosea watanisamehe kama ulivyokuwa ukinisamehe wewe.

Tunakukumbuka kwa mikono yako kwanza. Ulitoka nayo Kaengesa, kwenye jiko la masista, ulikokwenda msichana wa kufua mashuka ukarudi fundi wa mkate. Hapa Sumbawanga maduka yaliuza mkate wako kwa miaka mingi, na wateja walijua siku zako. Lakini pudini hukuuza hata mara moja. Mtu akikuuliza bei ulimwambia, "Hii hainunuliwi, hii mtu anakaribishwa. Vuta kiti."

Pudini ya mahindi mabichi ilikuwa na msimu wake, na ulikuwa hudanganywi na hindi. Ulibonyeza punje kwa ukucha. Maziwa yakiruka, hindi linaingia kwenye ungo. Yasiporuka ulilirusha kando ukisema hilo limeshakuwa la ugali. Ulikata punje kwa kisu, halafu ukageuza kisu na kukwangua gunzi kwa mgongo wake mpaka libaki kavu, kwa sababu ulisema utamu umejificha huko chini. Ulitwanga kidogo tu, isiwe uji. Maziwa ya ng'ombe, mayai, samli, chumvi ya kuonja na sukari ya aibu. Sufuria uliipaka samli, makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Aliyefunua kabla ya wakati alisikia sauti yako kutoka popote ulipokuwa, hata uani: "Nani huyo anaipiga baridi pudini yangu?"

Ile ya mkate ndiyo ilikuwa yako kweli. Mkate wa chachu uliolala siku kadhaa, mgumu, ambao nyumba nyingine wangewapa kuku. Uliuvunja kwa mikono, hukuukata kwa kisu. Uliulowesha kwenye maziwa ya moto yenye mayai, ukatia karanga za kukaanga na asali. Ikiiva, juu inakuwa kama ganda, chini inatetemeka, na ule uchachu wa mkate unakutana na asali mdomoni. Nimekula njiani vitu vingi vya watu wengi, Tunduma, Kigoma, Chunya, na ng'ambo ya mpaka. Hicho sijakikuta.

Kila nilipoingia mlangoni ulinisalimia kwa namna moja. "Shikamoo kaka. Umekuja kunisalimia mimi au sufuria?"

"Marahaba. Wote wawili, ila sufuria kwanza."

"Basi isalimie ukiwa umenawa."

Na yote hayo yalitoka kwenye kile kimtungi cha udongo kilichokaa karibu na jiko. Ndani yake palikuwa na chachu yako, ile uliyopewa na masista ukaja nayo mapajani kutoka Kaengesa. Kila ulipokanda mkate ulichukua sehemu, na sehemu ukabakiza, ukailisha unga wa ngano, unga wa ulezi kidogo na maji ya vuguvugu. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku juu inapouma, uliifunga sweta lako la zamani kama mtoto. Ulikuwa unaiita Mama Mkwe. Ulisema ukimsahau siku moja tu ananuna, siku ya pili anachacha, siku ya tatu anakuaibisha mbele ya wageni. Jafeti aliudhika kila mara.

"Mama yangu kule Mbeya hajawahi kuchacha," alikuambia.

"Kwa sababu humlishi wewe," ukamjibu.

Sote ulitaka kutugawia chachu hiyo, Gaudiosa. Hilo ndilo linalotukaa kooni mwaka huu. Ulikata donge, ukaweka kwenye chupa ya jemu, ukampa mtu mkononi. Precious alikuambia atachukua akishajenga jiko lake. Rozina, jirani yako wa ukuta mmoja, alisema nyumba yake ina watoto watundu wataimwaga. Mimi nilisema mtu wa safari hawezi kubeba kitu kinachotaka kula kila siku. "Basi kaa," ukaniambia. Tukacheka, nikala, nikaondoka. Tuliona hakuna haraka. Mtungi ulikuwepo, na wewe ulikuwepo.

Sasa nikuambie kilichotokea kwenye msiba wako, maana hukukiona, na Rozina mwenyewe amenisisitiza niandike, asije mtu akakisimulia vibaya.

Unajua kwetu mfiwa hagusi chombo. Anakaa mkekani, jiko linashikwa na majirani mpaka tanga lianuliwe. Precious alikuwa mkekani na wanawake wa ukoo, kanga kichwani. Majirani walipika, wakapakua, wakaosha, wakafagia mpaka nyuma ya makabati. Walikupenda, walitaka nyumba yako ing'ae. Precious ananiambia aliwasikia wakisugua vyombo uani, tena kwa nguvu, na alifarijika kwa ile sauti. Hakujua kinachosuguliwa ni nini.

Tanga lilipoanuliwa akaingia jikoni. Mtungi haukuwa mahali pake; aliukuta uani, umepinduliwa kwenye kichanja, unakauka juani, msafi kama uliotoka kwa mfinyanzi. Rozina alikuwa pembeni yake, mikono bado ina majivu.

"Mwanangu, ule mtungi ulikuwa na kitu kimeoza ndani," alimwambia. "Mama yako hakupata nafasi ya kukimwaga, maskini. Nimeusugua na majivu mpaka harufu imetoka."

Precious akasema, "Asante, mama."

Angesema nini? Mwanamke amekesha na maiti yako, amewapikia wafiwa, amewaoshea. Wewe mwenyewe ungesema hivyo hivyo. Alikwenda chumbani akakaa juu ya kitanda chako. Hakumwambia mtu, hata baba yake, mpaka siku Jafeti alipouliza mbona mkate wa nyumba hii siku hizi unatoka dukani.

Rozina, aliyeijua chachu yako kwenye chupa ya jemu tu, alipokuja kujua alikaa ndani kwake, akawa hapiti hata kwenye uchochoro wetu. Jafeti ndiye aliyemfuata mlangoni. Alimwambia, "Jirani, umeosha chombo. Hakuna kosa hapo." Rozina akasema, "Nimemzika mara ya pili, baba Precious."

Ndipo mimi nikasema lazima ipo mahali. Mwanamke aliyegawa chupa miaka yote hawezi kukosa aliyeichukua. Tukakumbuka Kulsumu, mke wa Huseni wa duka, rafiki yako tangu mko majirani, kabla hawajahamia Muze na biashara yao. Huyo alichukua. Tulikumbuka wote kwamba alichukua, na kwamba alirudi kukusimulia mkate wake. Nikapanda gari la kushuka Muze siku hiyo hiyo. Unanijua, kuagizwa safari mimi siyo adhabu. Ukishuka kwenye mteremko ule masikio yanaziba, joto la bonde linakupokea kama umefungua tanuri, na mimi njia nzima nimepakata chupa tupu pamoja na pamba na maji ya kuioshea, nafurahi. Nilikuwa nimeshajiona narudi nayo. Nilikuwa nimeshamwona Rozina anapita uchochoroni.

Kulsumu alinipokea vizuri sana. "Shikamoo kaka Felisian. Karibu, kaa kivulini, unaunguza kichwa hicho." Akaniletea maji, akaniuliza hali ya Jafeti, ya Precious, akakuombea kwa Mungu. Halafu nikamwambia kilichonileta.

Aliweka kikombe chini.

"Kaka yangu," akasema, "huku joto. Ilikuwa inaumuka mpaka inasukuma kifuniko, inatembea juu ya meza. Nilicheka nayo sana. Ikafika Idi, wageni wengi, nikakanda yote nikaoka yote. Hata donge sikubakiza."

"Hata la kuonja?"

"Sikubakiza. Nilijua nitamwomba tena nikipanda mjini." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nilijua yupo."

Gaudiosa, nilipanda kurudi juu Ufipa na chupa yangu tupu, na maneno hayo mawili yakawa yananigonga kila gari liliporuka shimo. Nilijua yupo. Ndivyo tulivyoishi na wewe wote. Mumeo alijua upo, hakuuliza chachu inakula nini. Mwanao alijua upo, akasubiri jiko jipya. Tulikupenda kwa midomo, tukala, tukasifu, na hakuna hata mmoja aliyesema nionyeshe, nami nishike.

Precious ameanza nyingine. Hatujui kama masista walianza hivyo, yeye amebahatisha: unga wa ulezi kutoka shambani kwako, unga wa ngano, maji. Ya kwanza iliota ukungu wa kijani. Ya pili ilinuka vibaya hata paka akaikimbia. Hii ya tatu imetoa povu, na harufu yake ni kali lakini ni ya chakula. Aliitia katika mtungi wako ule ule, akaifunga sweta lako.

Juzi alioka mkate nayo, akauacha ulale, akautengenezea pudini kama alivyokumbuka. Kando akapika na ya mahindi, maana msimu umerudi. Hiyo ya mahindi haikutusumbua, ilitoka karibu na yako, ila nadhani aliogopa kukwangua gunzi mpaka mwisho. Tulimwita Rozina. Alikuja, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni.

Jafeti alikula ile ya mkate taratibu. Tulikuwa tunamwangalia yeye tu, hakuna aliyekuwa anakula.

"Siyo yake," akasema.

Precious akainamisha kichwa. "Najua, baba."

"Hii ina haraka. Inakurukia ulimini. Ya mama yako ilikuwa inakuja polepole, unaisubiri."

"Niimwage?"

"Nani kasema umwage? Leta huo mtungi. Leta na chupa."

Jafeti alikata donge yeye mwenyewe, kwa kijiko, vibaya, nusu ikamwagikia mezani. Hajawahi kuishika maishani mwake. Akaitia kwenye chupa akampelekea Rozina pale mlangoni. Rozina akaficha mikono nyuma.

"Mimi, baba Precious? Mikono hii?"

"Hiyo hiyo."

"Nitaiua."

"Ukiiua, Precious anayo. Precious akiiua, unayo wewe. Shika, mkono unaniuma."

Rozina akaipokea kwa mikono miwili. Akauliza inakula nini. Precious akamweleza, mara mbili, na mimi nikasogea nisikie, na Jafeti naye akasogea.

Kwa hiyo tunawaomba ndugu, jirani na marafiki watakaosoma haya, na wateja wako wa zamani, wajumuike nasi Jumapili hii kwenye Misa ya kukuombea, kisha nyumbani kwetu Katandala. Kulsumu anapanda kutoka Muze na Huseni, ameshatuma salamu. Pudini zitakuwepo zote mbili. Kila atakayekuja aje na chupa yenye mfuniko. Ataondoka na donge lake, na Precious atamfundisha kulilisha. Tunasema mapema kwamba siyo chachu ya Gaudiosa. Chachu ya Gaudiosa tuliimaliza kwa kula. Hii ni changa, kali, na hatujui itakuwaje.

Tungeweza kufanya hivi ukiwa hai, mdogo wangu. Tungekaa jikoni kwako kila mtu na chupa yake, unatutania, unatugombeza, unatupiga mikono kwa mwiko, na leo nyumba ishirini zingekuwa na yako ileile. Ulituomba. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu.

Unakumbukwa na mumeo Jafeti Mbonile. Binti yako Precious. Mimi kaka yako Felisian. Dada zako Agnesi na Herieth wa Milepa. Jirani yako Rozina na watoto wake. Rafiki yako Kulsumu na mumewe Huseni wa Muze. Pamoja na ukoo wote wa Sumbawanga na Mbeya.

Pumzika kwa amani, Gaudiosa. Tutakukumbuka siku zote, na asubuhi zaidi, wakati wa kulisha.